Madabodi "iliyokufa" ndiyo inaandika hii barua

Kwa Mhariri,

Niko na risiti hapa, nimeibandika na selotepu kando ya kompyuta, imeandikwa na biki ya bluu "madabodi imekufa, haitengenezeki" (madabodi ni ile bodi kuu ya ndani ya kompyuta), shilingi 2,000 zimelipwa, na hiyo kompyuta iliyokufa ndiyo naitumia kukuandikia sasa hivi. Naomba nafasi kwa ukurasa wa barua, na ukiona ni ndefu sana kata popote unapotaka lakini hiyo ya risiti usikate.

Mimi naendesha saiba hapa Kondele, Kisumu. Si kubwa, kompyuta nne, printa moja na mashine ya fotokopi ambayo nayo ina maringo yake. Kompyuta zote ni za mtumba, hizi ex-UK zinazoletwa zikiwa zimeshatumika maofisini huko Uingereza, na ile tunaiita namba tatu ni Dell ya 2011 hivi, nzito kama jiwe la kusagia, lakini imenilipia karo ya watoto wawili kwa hivyo siitukani. Kazi zetu unazijua, eCitizen ya huduma za serikali, HELB ya mikopo ya wanafunzi, KUCCPS ya nafasi za vyuo, kuprinti, kuandikia watu CV, na mwezi wa sita ndio msimu wetu kwa sababu returns za KRA, zile fomu za kodi za kila mwaka, zinafungwa tarehe 30 Juni na sisi Wakenya tuna ule ugonjwa wa kungoja siku ya mwisho. Ile wiki foleni inatoka nje mpaka kwa mama wa omena na yeye pia anauza kwa sababu yangu.

Sasa ndani ya hiyo wiki, asubuhi, namba tatu ikawaka vizuri tu lakini pale chini kwa kona ya kulia kale kaalama ka mtandao kakawa na msalaba mwekundu. Zile zingine tatu ziko na neti, hii haina. Nikafanya kile kila mtu hufanya, nikazima nikawasha, nikazima tena nikahesabu mpaka thelathini nikawasha. Nikachomoa kebo ya namba mbili nikaichomeka kwa namba tatu, wapi. Kuna kitu kimoja niliona lakini sikukipa maana saa hiyo: huko nyuma, kando ya tundu la kebo, kale kataa ka kijani kalikuwa kanawaka. Shika hapo kwa hiyo taa, nitairudia.

Nikaita fundi. Simtaji, na duka lake sisemi liko wapi, kwanza kwa sababu si yeye peke yake na pili ni kijana anatafuta unga kama mimi. Alifika, akaangalia skrini kama sekunde kumi, hata mausi hakugusa, akasema, "Mathe, hii ni kufomati tu," yaani kufuta kila kitu na kuweka Windows upya. Nikamuuliza na kazi za watu ziko ndani? Akasema usijali nitazihifadhi. Akaichomoa, akaipakia kwa boda, hao wakaenda. Siku mbili, Mhariri, na ni ile wiki. Aliporudi ilikuwa na Windows 7 mpya kabisa, ati kwa sababu mashine ni mzee haiwezi kubeba kubwa, na kumbe alipoichukua ilikuwa na Windows 10 inatembea bila shida. CV za wateja zimeenda. Skani za vyeti zimeenda. Neti bado hakuna. Ndipo akaniambia ni radi, ile mvua ya mwisho wa mwezi wa tano ndiyo ilipiga ikachoma kadi ya mtandao, ile sehemu inayopokea kebo ya neti, na kwa sababu kadi imejengwa ndani ya madabodi basi madabodi ndiyo hiyo imekufa, nimpe 18,000 anitafutie kompyuta nyingine.

Na nilimwamini kabisa! Sisi watu wa upande huu, kuanzia Kisii mpaka Kakamega, radi si kitu ya kusimuliwa. Nimewahi kuona kebo ya mtandao iliyovutwa juu ya paa kutoka jengo moja hadi lingine ikaleta radi mpaka ndani ya chumba, swichi ya mtandao ikawa nyeusi na kompyuta tatu zikapoteza matundu yao ya mtandao huku zenyewe zikiendelea kuwaka kama hakuna kitu kimefanyika. Kwa hivyo hiyo inatokea. Ndiyo maana nikaanza kuhesabu pesa za chama kichwani nikiangalia hiyo 18,000 nitaitoa wapi.

Jioni nikampigia simu mtoto wa dada yangu, anasomea mambo ya kompyuta huko Kakamega, nilikuwa nataka tu aniambie bei ya kompyuta zingine ni ngapi. Yeye hakuuliza bei.

"Anti, kabla hujanunua, bonyeza kile kitufe cha Windows pamoja na R, uandike devmgmt.msc, halafu Enter. Unaona nini?"

"Naona orodha ndefu."

"Kuna kitu kina alama ya manjano?"

"Kiko. Kimeandikwa Ethernet Controller."

Akacheka mpaka nikaudhika. "Anti, maiti haiitiki. Hiyo kadi imeitika."

Akanieleza pole pole. Kadi ikiungua kweli, mara nyingi kompyuta haiioni tena, hata kwa ile orodha ya Device Manager haimo, na taa ya pale nyuma haiwaki ukichomeka kebo. Yangu ilikuwa kwa orodha, na taa ya kijani inawaka, yaani mwili uko mzima. Kilichokosekana ni draiva. Sasa draiva ni nini, mimi nilikuwa nasikia tu hilo neno kwa mafundi. Fikiria kanisani mhubiri ametoka Nairobi anahubiri Kiswahili, na wazee wa hapa wanataka Dholuo, lazima kuwe na yule ndugu anasimama kando yake anatafsiri sentensi kwa sentensi. Siku huyo ndugu hajakuja, mhubiri ana sauti, wazee wana masikio, maikrofoni iko sawa, na hakuna neno linapita. Windows ni mhubiri, kadi ni wazee, na draiva, ile programu ndogo ya kuwafanya waelewane, ndiye yule ndugu. Fundi wangu alipofomati alimfukuza mtafsiri halafu akatangaza wazee wamekufa.

Nikaambiwa nibonyeze ile yenye manjano mara mbili. Ikafungua kidirisha na maneno ya Kizungu, na mwisho wake Code 28. Hii ndiyo sehemu inaniuma, Mhariri, kwa sababu hiyo namba ilikuwa hapo siku zote, haifichwi, na mtu aliyelipwa 2,000 hakuisoma. 28 maana yake ni draiva haijawekwa. Basi. Haisemi radi, haisemi madabodi. Kila shida ina namba yake: 22 ni kwamba mtu ameizima hiyo kadi, pengine kwa bahati mbaya, unabonyeza kulia unaiwasha na sekunde tano zimeisha. 10 ni kifaa kimeshindwa kuanza, hapo mara nyingi draiva si ile yake au imeharibika, unaitoa unaweka inayofaa. 39 draiva imeharibika au faili yake haipo. 43 ndiyo ya kuogopa kidogo kwa sababu kifaa chenyewe kimeripoti kwamba hakiko sawa, hapo hata mimi naweza kuamini hadithi ya radi. Sijui kwa nini hatufundishani hizi, tunafundishana kufomati.

Na kwa nini draiva haikuwa ndani? Windows 7 ilitoka 2009. Kadi iliyo ndani ya Dell yangu ni ya Intel iliyokuja 2011, sasa ile Windows ingeijuaje kadi ambayo haikuwa imezaliwa? Windows 10 ilikuwa inaijua. Yaani huyo kijana kwa kunirudisha nyuma ati anaihurumia mashine ndiye aliyeleta shida ya pili juu ya ile ya kwanza. Ile ya kwanza sitaijua kamwe, kwa sababu ushahidi aliufomati. Mpwa wangu anashuku ni zile apdeti za usiku, zinaweza kubadilisha draiva nzuri na ikaja mbaya, na kama ni hivyo basi pale pale kwa Device Manager kuna kitufe kinaitwa Roll Back Driver kinarudisha ile ya zamani. Ingekuwa dakika moja. Bure.

Sasa hapa ndipo kuna ule mtego wa kuchekesha. Draiva ya mtandao iko kwa mtandao. Ni kama umefunga mlango na ufunguo umebaki mezani ndani ya nyumba. Mimi niko na kompyuta zingine tatu kwa hivyo nilikuwa na dirisha la kupitia, lakini yule wa nyumbani mwenye moja tu ndiye hukwama hapo, anapeleka kwa fundi kwa sababu hiyo tu. Tumia simu. Si hotspoti ya waifai, maana kama kadi haina draiva hata waifai inaweza kuwa haipo, chomeka simu na ile kebo ya kuchajia, halafu kwa simu huko kwa mambo ya hotspoti uwashe USB tethering. Kompyuta inaiona simu kama kadi ya mtandao, na kama ni Windows 10 kwa kawaida haikuulizi kitu, neti inaingia. Bando zako ndizo zitaumia kidogo, zima apdeti kwanza.

Kabla ya kutafuta draiva lazima ujue kadi ni ya nani. Usikisie. Kwa kile kidirisha cha kifaa kuna sehemu imeandikwa Details, chagua Hardware Ids, kutatokea kamstari kanaanza na PCI halafu VEN na DEV. Yangu ilikuwa VEN_8086 na DEV_1502, nikaiandika nyuma ya karatasi ya returns ya mteja, pole kwake. 8086 ni Intel, ukiona 10EC ni Realtek, ukiona 14E4 ni Broadcom, na ile namba ya DEV ndiyo inasema ni kadi gani hasa ya hiyo kampuni. Ukishajua hivyo nenda kwa tovuti ya kampuni iliyotengeneza kompyuta yenyewe. Dell wanatumia kitu kinaitwa Service Tag, herufi na namba 7 zimebandikwa kwa kasha. Yangu ilikuwa imefutika na vumbi la miaka na kuguswa guswa, nikaimulika na tochi ya simu wapi, basi mpwa akaniambia nifungue kile kidirisha cheusi cha amri niandike wmic bios get serialnumber, na hiyo hapo, ikajitaja yenyewe.

Na tafadhali, Mhariri, hii waandikie kwa herufi kubwa kama unaweza: ukigugo draiva, za kwanza kwanza zinakuja ni zile tovuti zinakuambia ati "kompyuta yako ina draiva 17 zilizopitwa na wakati, bonyeza hapa". Usibonyeze. Jirani yangu wa duka la simu alibonyeza, akaweka hiyo programu yao, ikamdai pesa ndiyo irekebishe, na tangu hiyo siku kila akifungua kitu kinatokea kitangazo cha kamari. Alikuja kwangu na kompyuta ambayo kabla ya hapo ilikuwa na shida moja tu.

Nikadaunlodi ya kwangu kwa namba moja, nikaiweka kwa flashi, nikaipeleka kwa namba tatu nikiwa na furaha ya mtu aliyeshinda kesi. Ikakataa. Kumbe nilichukua ya biti 64 na fundi alikuwa ameweka Windows ya biti 32, kwa mashine yenye ramu ya GB 4, ambayo hiyo ya biti 32 haiwezi hata kuitumia yote. Hiyo unaangalia kwa kubonyeza kulia kwa Computer, unachagua Properties, imeandikwa hapo. Kosa langu, sikuangalia. Nikarudi nikachukua ingine. Safari hii ikajiweka, skrini ikapepesa kidogo, nikaangalia ile alama ya manjano ikitoweka mbele ya macho yangu na pale Ethernet Controller ikabadilika ikawa jina kamili la kadi, na ule msalaba mwekundu ukaenda. Kulikuwa na mzee mmoja kutoka Nyalenda amekaa kwa benchi tangu saa nane akingoja kufanyiwa returns ya nil, ile ya asiye na mapato, akapiga makofi hata hajui anapigia nini.

Lakini haikuisha. Neti iko, nafungua iTax, ile tovuti ya kodi ya KRA, inakataa, ati muunganisho si salama. Nafungua eCitizen, vile vile. Nikasema basi fundi alikuwa na ukweli, hii mashine ina laana. Nikapiga simu tena usiku.

"Anti, soma saa iko pale kona."

Januari 2011! Kompyuta ilikuwa inaamini tuko mwaka wake wa kuzaliwa. Hizi tovuti za siku hizi zina cheti, na hicho cheti kina tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha, sasa mashine iliyo 2011 ikiona cheti cha juzi inasema hiki bado hakijaanza kutumika, ni cha bandia, inafunga mlango. Sababu ni kale kabetri kadogo ndani, CR2032 ya volti 3, bapa kama sarafu, ndiyo inashika saa wakati umeme umechomolewa. Yangu ilikuwa imeisha siku nyingi na sikujua kwa sababu namba tatu haichomolewi ukutani, ila siku mbili za kwa fundi ikakaa bila stima na saa ikarudi nyuma. Kabetri nilinunua shilingi 100, nikakabadilisha mwenyewe na bisibisi ya jikoni, nikarekebisha tarehe. Yule mzee wa Nyalenda alirudi kesho yake akafanyiwa kwa hiyo hiyo namba tatu.

Hesabu yake basi: kabetri 100, bando kidogo, na simu mbili za Kakamega. Ningetoa 18,000.

Tangu hapo nimekuwa kama mtu aliyeokoka, kila mtu namwambia fungua Device Manager. Hata namba moja, ambayo ilikuwa na tabia ya kupoteza neti kila ikikaa bila mtu, niliitibu mwenyewe: kwa kile kile kidirisha cha kadi kuna mahali pa Power Management, kuna tiki inayoruhusu kompyuta kuizima kadi ili kuokoa umeme, nikaitoa hiyo tiki na haijasumbua tena. Miaka miwili nilikuwa nalaumu watu wa intaneti.

Kisha kuna mwalimu mmoja mteja wangu, wa shule moja huko mashambani, aliposikia hii hadithi akaniambia wao wana kompyuta 11 walizopewa msaada, zimefunikwa vitambaa vya kufuma, chumba kimefungwa zaidi ya mwaka kwa sababu "hazishiki neti". Mpwa wangu akija likizo tukaenda Jumamosi na matatu, na flashi mbili na sambusa. Wacha nikuambie, nilikuwa nimejiandaa kwa kazi ya siku nzima. Nne zilikuwa ile ile 28, tukaweka draiva. Mbili zilikuwa 22, mtoto fulani alicheza akazizima na hakuna aliyewahi kuangalia. Kulikuwa na laptopu moja nzee imetangazwa imekufa waifai kabisa, mpwa akaishika, akaigeuza, akasukuma kaswichi kadogo kako pale ubavuni kama ka kuwashia redio, ikashika neti. Mwalimu alikaa chini. Alisema hicho kitu alidhani ni cha kufungulia betri. Nyingine ilikuwa na waifai ya zamani inayosikia masafa ya 2.4 GHz peke yake, na mtu aliyewawekea ruta alikuwa ameacha ya 5 GHz tu ikiwaka, kwa hivyo hiyo laptopu ilikuwa inatafuta jina ambalo haliwezi kuliona hata ikae hapo mpaka Krismasi. Tukaingia kwa ruta tukawasha zote mbili.

Na moja ilikuwa imeungua kweli, sitaki kudanganya. Kwa orodha haimo, taa haiwaki, ukichungulia tundu na tochi unaona kweusi ndani. Hiyo ndiyo radi. Lakini hata hiyo haikuhitaji madabodi: kuna kaadapta ka USB upande huu na tundu la kebo upande ule, unakachomeka basi, na kwa desktopu unaweza pia kuweka kadi ya mtandao ya kuchomeka ndani, mafundi wanazo tele kwa droo kutoka kwa mashine walizovunja. Mbili zilizobaki shida yao ilikuwa pawasaplai, ile sehemu ya kuingiza umeme, hilo si letu leo.

Kwa nini naandika sasa? Kwa sababu Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, kama walivyoacha Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na Windows 11 rasmi haitaki hizi kompyuta zetu, inataka chipu ya usalama inaitwa TPM 2.0 na kama prosesa ni ya Intel kwa kawaida iwe ya kizazi cha 8 kwenda juu, hizi za 2011 zina kizazi cha 2. Sasa naona vile itaenda. Watu wataleta mashine zifomatiwe, zitawekewa kitu kisichozijua, neti itapotea, na wataambiwa madabodi imekufa. Sokoni Kibuye na mjini kote zitauzwa kama vyuma. Ile namba tatu, mpwa wangu aliiwekea Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows, na nilipiga kelele kwanza kwa sababu sikuizoea, lakini jambo moja lilininyamazisha: aliiwasha kwa flashi kabla hata hajaiweka ndani, na neti ikaingia pale pale bila kutafuta draiva yoyote, kadi ya Intel inajulikana humo tayari. Hiyo pia ni njia nzuri ya kupima. Kama neti inashika kwa Linux ya flashi na kwa Windows haishiki, kadi yako ni nzima na yeyote anayekuambia nunua nyingine mwambie angoje.

Kwa hivyo ombi langu ni hivi, na ni kwa mafundi wenzetu kabisa bila vita. Kabla ya kufomati fungua Device Manager, na ile namba ya Code iandike kwa risiti ya mteja. Daktari akikupima malaria anaandika kwa karatasi, si anakuambia tu unakufa. Pili, kabla ya kufomati hifadhi draiva zilizo ndani, Windows 10 ina amri ya hiyo, unafungua kidirisha cheusi kama adiministreta unaandika pnputil /export-driver * halafu jina la folda uliyotengeneza kwa flashi, na zote zilizoongezwa zinanakiliwa humo. Dakika mbili tatu. Na nyinyi mnaoleta ex-UK, mkiuza mashine tupeni na flashi yenye draiva yake ya mtandao, hiyo moja tu, zingine tutajitafutia tukiwa na neti. Flashi ya GB 4 haiwafilisi. Wateja nao waulize. Mimi sasa nikinunua nauliza, na kuna muuzaji mmoja aliniangalia kama nimemwomba binti yake.

Yule fundi wangu alikuja juzi hapa saibani, alikuwa anataka kuprinti invoisi. Zote zingine zilikuwa na watu kwa hivyo nikamwonyesha namba tatu. Akakaa, akaingia kwa imeli yake, akatuma kwa printa, halafu nikaona shingo inageuka pole pole upande wa ile selotepu. Akasoma mwandiko wake. Akalipa shilingi 20, akaniambia "asante mathe", akatoka. Karudi baada ya dakika kama tano, akasimama mlangoni, akauliza hiyo kitu inaitwa devi nini.

Mama Saiba,
Kondele, Kisumu